Binti wa Mchungaji na Nyimbo za Dunia

Katika sharika zetu kuna neno linalotumika kama rungu. Kijana wa kwaya akisikika ameimba na bendi ukumbini, hata kama ilikuwa harusi ya binamu yake, neno hilo huletwa kikaoni: "Siku hizi anaimba nyimbo za dunia." Likishatamkwa, maswali yote huisha. Hakuna anayeuliza wimbo wenyewe ulisema nini. Hakuna anayeuliza kama alilipwa, wala kama fedha hiyo ndiyo iliyomlipia mdogo wake ada ya shule. Kijana anasimamishwa uimbaji, na baada ya Jumapili chache nafasi yake kwenye sauti ya tatu ina mtu mwingine.

Tunaandika kulipinga neno hilo. Hatupingi nidhamu ya kanisa, maana kanisa lisilo na nidhamu ni shamba lisilo na mpaka. Tunachopinga ni desturi ya kumhukumu mtu kwa mlango aliopitia, badala ya kumpima kwa alichokisema na alichokitenda. Na ili tusibishane hewani, tunaleta shahidi mmoja ambaye maisha yake yanajulikana dunia nzima: Aretha Franklin, yule ambaye wapenzi wa muziki walimwita Malkia wa soul.

Alizaliwa Memphis, Marekani, tarehe 25 Machi 1942. Baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Baadaye familia ilihamia Detroit, ambako baba alichunga kanisa la New Bethel na kuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri kabisa kati ya Wamarekani weusi. Mahubiri yake yalirekodiwa kwenye santuri, yakauzwa na kusikilizwa redioni. Waimbaji wakubwa wa injili, kama Clara Ward na Mahalia Jackson, walikuwa wageni wa nyumba ile. James Cleveland, aliyewahi kuongoza muziki pale New Bethel, alimwonyesha binti huyu mambo mengi ya piano. Kwa hiyo shule ya kwanza ya Aretha haikuwa studio wala klabu. Ilikuwa ni benchi la kanisa, pazia la kwaya, na watu wanaoitikia "Amina" kabla sentensi haijaisha.

Hata huo muziki wa soul, ambao jina lake maana yake ni nafsi, ulizaliwa hapo hapo. Watu waliolelewa kanisani walichukua namna ya kuimba ya ibada, kiongozi anaita na watu wanaitikia, sauti inapanda na kuvunjika kama ya mtu aombaye, wakaitumia kusimulia mapenzi, uchungu na kiu ya kuheshimiwa. Wengine walisikia wakasema ni wizi wa vitu vya Bwana.

Hapo ndipo habari ya mtu wa pili inapoingia. Sam Cooke, naye mtoto wa mhubiri, alizaliwa mwaka 1931 huko Mississippi na kukulia Chicago. Kuanzia 1950 alikuwa mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, kundi la injili lililojaza makanisa na kumbi. Alipotaka kuimba wimbo wa mapenzi, aliogopa. Wimbo wake wa kwanza wa aina hiyo, uliotoka mwaka 1957, ulitolewa kwa jina la Dale Cook ili wasikilizaji wa injili wasimtambue. Sauti yake ilimsaliti. Walimtambua mara moja. Mwaka huo huo akaachana na kundi, akaenda zake kwa jina lake halisi.

Tusimame hapo kidogo. Mtu aliyebatizwa, aliyewaimbia watu wa Mungu miaka sita na zaidi, alilazimika kuficha jina lake ili aimbe kwamba anampenda msichana. Wala si baba yake aliyemfukuza. Walikuwa ni wasikilizaji wake, washarika tu kama mimi na wewe, ambao walimpenda alipokuwa upande huu wa mlango na ambao yeye alijua watamkana akivuka. Jina ambalo mtu hubatizwa nalo ni kitu kizito. Kanisa likimfanya mtoto wake aone aibu kulitaja, tatizo haliko tena kwenye wimbo.

Na huyo "mwimbaji wa dunia" alifanya nini? Oktoba 1963 yeye na watu wake walinyimwa vyumba katika hoteli moja huko Shreveport, Louisiana, kwa sababu ya rangi yao. Alipolalamika, akakamatwa na polisi. Miezi michache baadaye, Januari 1964, alirekodi "A Change Is Gonna Come", wimbo wa kutumaini kwamba mabadiliko yatakuja. Desemba 1964 aliuawa kwa risasi Los Angeles akiwa na miaka 33, na kifo chenyewe kilikuwa cha kusikitisha na chenye maswali. Wimbo ule ukaja kuwa miongoni mwa nyimbo kuu za watu weusi waliokuwa wakidai haki zao. Walioogopewa kiasi cha mtu kuficha jina lake ndio walioimba wimbo huo baadaye. Tunauliza: kanisa lilipata faida gani kwa kumtisha?

Sasa turudi Detroit. Mwaka 1960, Aretha akiwa na miaka 18, alisaini mkataba na kampuni ya Columbia ya New York ili aimbe nje ya kanisa. Baba yake, mchungaji, hakumlaani. Alimsaidia kuanza safari hiyo. Mwaka 1967, akiwa na kampuni ya Atlantic, Aretha alirekodi "Respect", wimbo uliotungwa na Otis Redding. Katika kinywa cha Redding ulikuwa ni wimbo wa mwanaume anayedai heshima akirudi nyumbani. Aretha aliugeuza ukawa wa mwanamke anayedai heshima ile ile, na ukashika namba moja Marekani. Waulizeni mama zetu wanaorudi shambani jioni na kukuta hakuna hata aliyechota maji: je, kudai heshima ndani ya nyumba ni jambo la dunia, au ni jambo ambalo Paulo aliwaandikia Waefeso?

Tunasikia hoja tatu dhidi yetu, na tutazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza inatoka katika Mathayo 6:24: haiwezekani kuwatumikia mabwana wawili. Andiko hili hupigwa kama kengele kila mara mwimbaji anapojadiliwa. Lakini wanaolipiga wasome mpaka mwisho wa mstari. Yesu anamtaja huyo bwana wa pili, na jina lake ni mali. Haitwi muziki, haitwi gitaa, haitwi ukumbi. Kama tunataka kulitumia andiko hili kikaoni, tuanze na mfanyabiashara anayepunja mizani na kutoa zaka nono, kisha tufike kwa kijana wa kwaya. Mara nyingi tunaanza na kijana, na kwa mfanyabiashara hatufiki kabisa.

Aretha mwenyewe anatusaidia kuona tofauti. Alizunguka kuimba ili kuchangia kazi ya Martin Luther King. Mwaka 1970, mwanaharakati Angela Davis alipofungwa, Aretha alitangaza kwamba yuko tayari kumlipia dhamana, hata kama ingekuwa dola 250,000. Angela Davis alikuwa mkomunisti, na baba yake Aretha hakupendezwa. Aretha alieleza kwamba fedha alizipata kwa watu weusi, na kwamba alitaka zitumike kuwasaidia watu wake. Mtu anaweza kutokubaliana naye katika siasa. Lakini fedha zilikuwa chini ya mkono wake, hazikuwa juu ya kichwa chake. Hicho ndicho Mathayo 6 inachokiuliza.

Hoja ya pili husema kwamba wimbo usiomtaja Mungu haumfai Mkristo. Tunawaomba wenye hoja hii wafungue 2 Samweli 1, kuanzia mstari wa 19. Hapo Daudi anamlilia Sauli na Yonathani. Someni ombolezo lote hadi mwisho wa sura: jina la Mungu halimo. Kuna milima, kuna ngao, kuna mabinti wanaoambiwa walie, kuna upendo wa rafiki. Na Roho Mtakatifu aliliacha ndani ya Biblia. Pia Daudi huyo huyo alikuwa mpiga kinubi katika nyumba ya mfalme kabla ya kuwa mfalme, kwa kazi ya kumtuliza mtu mwenye roho iliyofadhaika. Kazi yake haikuwa hekaluni, na hekalu lenyewe lilikuwa bado halijajengwa.

Sisi Walutheri ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuishika hoja hii. Luther aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia na kuuita zawadi ya Mungu. Wimbo wake wa Krismasi wa malaika atokaye mbinguni juu ulianza kuimbwa kwa tuni ya wimbo wa mafumbo wa mitaani. Ule wimbo wa Kwaresima kuhusu kichwa kilichojaa damu na majeraha, unaotutoa machozi Ijumaa Kuu, tuni yake ilitungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi. Hapa kwetu, Bernard Kyamanywa aliweka maneno ya Pasaka kwenye tuni ya asili ya nchi hii, na leo "Mfurahini, Haleluya" unaimbwa na Walutheri wa Ulaya na Marekani. Tuni haina ubatizo. Inaingia kanisani na kutoka, kama mkulima anavyoingia na kutoka, na jembe lake halinajisiki njiani.

Ndiyo maana Luther alifundisha juu ya wito. Mwaka 1522 aliandika kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anafanya kazi inayompendeza Mungu, hata watu wakimcheka. Tumelihubiri fundisho hilo kwa walimu, wauguzi, madereva na mafundi cherehani. Tunawabariki wote waende kazini Jumatatu. Kwa nini mwimbaji peke yake aambiwe kwamba Jumatatu yake ni ya shetani?

Hatusemi kwamba kila wimbo unafaa. Kuna nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke, zinazosifu ulevi, zinazomfundisha mtoto kuona jasho kama ujinga. Hizo tuzikemee, na tuzikemee kwa kutaja maneno yake, wazi, ili kijana ajue kosa liko wapi. Lakini hukumu hiyo inahitaji kusikiliza kwanza. Neno "nyimbo za dunia" limependwa kwa sababu linamwondolea mzee kazi ya kusikiliza.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma zaidi: "Lakini tazameni maisha yake." Haya, tuyatazame. Aretha aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili zilivunjika. Mama yake alifariki mwaka 1952, yeye akiwa hajatimiza miaka 10. Mapema mwaka 1955, akiwa na miaka 12, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Hapo hatuoni dhambi ya "mwimbaji wa dunia". Tunamwona mtoto aliyekosewa, binti wa kwaya ya kanisa, kabla hajaijua klabu yoyote.

Kilichofuata ndicho tunachowaomba wazee wa kanisa wakiangalie kwa makini. Mwaka 1956, akiwa na miaka 14, Aretha alikuwa kwenye piano ya New Bethel, katika kanisa lile lile, anaimba nyimbo za injili na sauti yake inarekodiwa. Nafasi yake ilikuwepo. Fikirini binti wa miaka 12 katika usharika wenu akipatwa na jambo hilo. Katika sharika nyingi angetengwa, angekaa benchi la nyuma, kisha angesimamishwa mbele ya watu wote arudishwe kundini, huku mwanaume mzima aliyemharibia utoto akipokea Meza ya Bwana kila mwezi bila kuulizwa. Je, sauti ile ingepona?

Wala hatumpambi C. L. Franklin kama malaika. Walioandika maisha yake wameeleza kwamba huko Memphis alizaa na binti mdogo wa usharika wake, kosa zito ambalo vazi la uchungaji halipaswi kulifunika, wakati ule wala leo. Tunalitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, waliokuwa wadogo ndani ya kanisa walihitaji ulinzi kuliko walivyohitaji makatazo ya muziki. Hatari haikuwa ukumbini tu. Ya pili, ungamo letu la Augsburg, katika kifungu cha 8, linafundisha kwamba Neno na Sakramenti havipotezi nguvu kwa sababu ya uovu wa mtumishi. Binti yule alilisikia Neno kutoka kwa mtu mwenye hatia, na Neno likamshika. Sisi tunaokiri kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja hatuwezi kuwa na fundisho moja kwa wachungaji na jingine kwa waimbaji.

Na Neno lilimshika kweli. Januari 1972, akiwa katika kilele cha umaarufu, akiwa na uwezo wa kurekodi popote, Aretha alichagua New Temple Missionary Baptist Church huko Los Angeles, kanisa lililokuwa katika jengo la zamani la sinema. Kwa usiku mbili, tarehe 13 na 14, aliimba nyimbo za injili mbele ya washarika, na James Cleveland, mwalimu wake wa utotoni, akiongoza ibada pamoja na kwaya yake. Clara Ward alikuwepo. Baba yake alikuwepo. Alisimama akawaambia watu, kwa maana hii, kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Katika filamu iliyopigwa usiku ule, ambayo kwa matatizo ya kiufundi na ya kisheria haikuonekana mpaka 2018, kuna wakati baba anainuka kwenye kiti na kumfuta binti yake jasho usoni huku anaimba.

Albamu ya ibada ile, "Amazing Grace", iliuza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani na ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote katika maisha yake. Watu waliomjua kwa nyimbo za mapenzi walilisikia jina la Yesu kwa sababu ni yeye aliyeliimba. Ni mwinjilisti gani wetu aliyeingia katika nyumba nyingi kiasi hicho? Kama mwaka 1960 New Bethel ingemfungia mlango, usiku zile mbili zisingekuwepo. Huo ndio hesabu tunayowataka wazee waifanye kabla ya kuandika barua ya kumsimamisha mtu.

Baba yake alipigwa risasi na wezi nyumbani kwake mwaka 1979, akalala bila fahamu mpaka alipofariki mwaka 1984. Aretha alirudi kuishi Detroit ili awe karibu naye. Mwaka 1987, mwaka ule ule alipokuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa rock, alirudi New Bethel kurekodi tena nyimbo za injili. Alipofariki kwa saratani tarehe 16 Agosti 2018, akiwa na miaka 76, mwili wake ulipita New Bethel kwa heshima za mwisho kabla ya mazishi. Alitoka kwa mlango ule na kurudi kwa mlango ule, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna aliyebadilisha kufuli.

Kuna unafiki mmoja ambao hatuwezi kuumaliza waraka huu bila kuutaja. Usharika unapojenga, na mabati yamepanda bei, wale wale waliosema "nyimbo za dunia" hukumbuka namba ya simu ya yule kijana ambaye sasa ana jina. Anaalikwa kwenye harambee. Anakaa meza kuu, anapewa soda, picha zinapigwa, bahasha yake inatangazwa kwa sauti. Jumapili inayofuata, akija peke yake bila bahasha, hakuna anayemwambia "karibu, kaa na sauti yako." Kama fedha yake ni safi kwa mabati, sauti yake ni safi kwa Mwimbieni Bwana. Na kama ana dhambi inayohitaji kutubiwa, aambiwe kwa jina lake, faraghani, na mchungaji wake, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Asiambiwe kwa uvumi wa uwanja wa kanisa.

Tunataka mambo manne, na si magumu. Mwimbaji akilalamikiwa, wimbo wake usikilizwe kwanza kikaoni, wote, kwa maneno yake. Kazi yake ikiwa halali, abarikiwe kama tunavyowabariki wauguzi na walimu. Mabinti na vijana wadogo wa kwaya walindwe dhidi ya wakubwa wao, na anayewakosea awajibishwe yeye kabla ya yule aliyekosewa. Na nafasi ya mtoto wa kanisa aliyekwenda kuimba mbali ibaki kuwa yake.

Atakayesema kwamba wengi walioondoka hawakurudi, tunamjibu kwamba katika Luka 15 baba alimwona mwanawe akiwa bado mbali, maana yake alikuwa anaitazama njia. Tuwahesabu kwanza waliokwenda, tuwatafute simu zao, tuwaulize hali. Ndipo tuhesabu waliokataa kurudi.